Mashimo ya Changarawe na Maji ya Mto

Wasomaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama, twapenda kuwaeleza jambo lisiloonekana upesi. Shimo la changarawe lililo karibu na mto likijaa maji, watu husema, "Tumepata bwawa." Sivyo. Mara nyingi maji yale ni ya mto wenyewe, yaliyokuwa yamefichwa na changarawe chini ya ardhi. Sasa yamefunuliwa, na jua huyanywa kila siku, hata mchimbaji akiisha kwenda zake. Wakamba wa Machakos na Kitui hujenga kuta katika mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma yake, kwa kuwa mchanga huyakinga maji na jua. Sisi twauondoa!

Huko Colorado, Marekani, sheria humlazimisha mwenye shimo la namna hiyo kuurudishia mto maji kadiri ya yaliyopotea hewani, au kulizungushia shimo ukuta wa udongo usiopenya maji.

Kwetu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kuharibu kingo za mto ndani ya meta 60. Tena shimo laweza kufukiwa hata kupita kimo cha maji. Na kazi hiyo yafaa iandikwe katika mapatano kabla gari la kwanza halijapakia.