Kiambishi -me-: Tendo Lililokamilika na Hali Inayodumu

Tuchunguze sentensi hizi kuhusu mwalimu aliyehamishwa kutoka Muyinga kwenda Gitega, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni mwezi Juni, kiangazi kinaanza.

(a) Mwalimu mpya amefika kazini.
(b) Amevaa sweta kwa sababu ya baridi ya asubuhi.
(c) Amekaa karibu na dirisha lenye jua.
(d) Bado hajauzoea mji.

Katika (a), -me- huonyesha tendo lililokamilika. Katika (b) na (c), tendo limekwisha lakini hali iliyotokana nalo ingali ipo: sweta i mwilini, mwalimu yu kitini. Ukanushi wa -me- ni -ja-, kama katika (d).

Mwanafunzi anayefuata Kifaransa, ambacho hapa hutumia wakati uliopo, huandika "anavaa sweta". Msomaji huelewa kwamba mwalimu angali akiingiza mikono. Kirundi humwongoza vizuri zaidi: "yicaye" ni "amekaa". Basi kabla ya kushika kalamu nyekundu, tumrejeshe kwenye lugha yake.

Zoezi: Eleza tofauti ya maana kati ya "anaizoea kazi" na "ameizoea kazi", kisha kanusha sentensi (a) hadi (c).