SOMO LA 14: TONE LA DAMU KWENYE KIOO

Usiku mtoto wako amechemka mwili. Analia, halali. Asubuhi jirani anakuambia, "Hiyo ni malaria tu. Mimi nina vidonge vilivyobaki. Njoo uchukue, umpe." Je, utampa?

Ngoja kwanza. Homa si ugonjwa mmoja. Malaria huleta homa. Nimonia huleta homa. Surua huleta homa. Homa ya matumbo nayo ni vivyo hivyo. Ukimgusa mtoto kwenye paji la uso utajua kuwa ana joto. Lakini mkono hauwezi kukuambia joto hilo linatoka wapi. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria, nimonia itazidi, nawe unangoja apone. Siku zinapita. Ndiyo sababu tunapima damu kwanza.

Vijidudu vya malaria

Malaria huletwa na vijidudu vidogo sana. Mbu jike aina ya anofelesi huviingiza mwilini anapomuuma mtu. Kwanza hukaa katika ini. Kisha huingia katika chembe nyekundu za damu na kuongezeka humo. Macho matupu hayawezi kuviona. Lazima tutumie hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo.

Mtu wa kwanza kuviona alikuwa daktari Mfaransa, Alphonse Laveran. Mwaka 1880 alikuwa Algeria, akiwatibu askari. Alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini, akavikuta vijidudu.

Kupima kwa hadubini

Ukifika kwenye maabara, usiogope. Kazi hufanyika hivi:

1. Mpimaji hufuta ncha ya kidole chako kwa pamba yenye spiriti. Kisha hukitoboa kidogo kwa sindano mpya. Mtoto mchanga hutobolewa kisigino.

2. Huweka damu kwenye kipande cha kioo. Sehemu moja huweka tone nene. Sehemu nyingine huitandaza damu iwe nyembamba. Kioo huandikwa jina au namba yako, kisichanganywe na cha mtu mwingine.

3. Damu ikikauka, huitia dawa ya rangi iitwayo Gimsa. Rangi hii hufanya vijidudu vionekane.

4. Huosha kioo kwa maji na kukikausha. Kisha hukiweka chini ya hadubini inayokuza kitu mara 1,000.

Kwa nini damu nene na damu nyembamba? Fikiri juu ya mchele wenye mawe. Ukichota mchele mwingi, utajua upesi kama una mawe. Hiyo ndiyo kazi ya tone nene. Ukiutandaza kwenye ungo, utaona kila jiwe ni la namna gani. Hiyo ndiyo kazi ya damu nyembamba, maana vijidudu vya malaria viko vya aina mbalimbali.

Mpimaji hatazami mahali pamoja tu. Hutazama sehemu 100 au zaidi za tone nene kabla ya kusema hakuna kitu. Basi usimharakishe.

Kipimo cha haraka

Zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka. Hiki hakihitaji hadubini wala umeme. Ni kibao kidogo cha plastiki. Mpimaji hutia damu kidogo, kisha matone ya maji ya dawa. Mnangoja kama dakika 15 au 20. Halafu mnasoma. Wewe unajua kusoma, basi tazama pamoja naye:

Mstari kwenye herufi C peke yake: malaria haikuonekana.
Mistari miwili, kwenye C na kwenye T: malaria imeonekana.
Hakuna mstari kwenye C: kipimo kimeharibika. Upimwe tena kwa kipimo kipya.

Kipimo hiki hakivioni vijidudu vyenyewe. Hutambua kitu ambacho vijidudu hukiacha katika damu. Kitu hicho chaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa. Kwa hiyo mwambie mganga kama uliugua malaria hivi karibuni, na kama umekwisha kumeza dawa yoyote. Usimfiche.

Wakisema hakuna malaria

Watu wengine hukasirika. Husema, "Mashine yao mbovu," kisha huenda dukani kununua dawa ya malaria. Hilo ni kosa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ukiambiwa hakuna malaria, uliza hivi: "Basi, mganga, homa hii inatoka wapi?" Swali hilo ni haki yako.

Lakini vijidudu vikiwa vichache sana, kipimo chaweza kuvikosa. Homa ikiendelea, rudi ukapimwe tena.

Usingoje

Mpeleke mtoto mara moja, hata usiku, kama ana degedege, amezimia, anapumua kwa shida, hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu. Malaria kali humwua mtoto kwa muda mfupi.

Sasa rudi kwa jirani yako. Mshukuru kwa wema wake. Kisha mbebe mtoto, uende zahanati.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja magonjwa matatu yanayoleta homa.
2. Kwa nini mpimaji huweka damu nene na damu nyembamba kwenye kioo?
3. Mstari umetokea kwenye T, lakini kwenye C haupo. Utafanya nini?
4. Katika kijiji chetu, ni wangapi humeza dawa kabla ya kupimwa? Tufanye nini ili tuache desturi hiyo?