Pensheni ya Mfanyakazi: Somo la Mgomo wa Mwaka 1949

Je, mgomo ni dhambi? Swali hili huulizwa mara nyingi katika nyumba za Wakristo, na wengi hulijibu kwa haraka. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, hakulijibu kwa haraka. Alifundisha kwamba mara nyingi migomo huzaliwa na kazi ya saa nyingi mno, au ngumu mno, au yenye ujira usiotosha. Kwa hiyo yawapasa wenye mamlaka kuziondoa sababu hizo mapema, kabla ugomvi haujazuka. Tuyapime mafundisho hayo kwa mambo yaliyotokea katika viwanda vya chuma cha pua vya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mkuu wa chama cha wafanyakazi hao alikuwa Philip Murray, Mkatoliki aliyezaliwa Scotland mwaka 1886, akaingia migodi ya makaa ya mawe angali mtoto. Mnamo Januari 1946 watu wapatao 750,000 waliacha kazi wakidai nyongeza ya mshahara. Walipata senti 18 na nusu kwa saa. Lakini serikali nayo ikaziruhusu kampuni kupandisha bei ya chuma dola 5 kwa kila tani. Kila mama anayekwenda sokoni ajua nyongeza ya namna hiyo hudumu muda gani.

Mgomo wa mwaka 1949 ulikuwa wa namna nyingine. Haukugombea mkate wa leo, bali mkate wa uzeeni. Mtu aliyekaa mbele ya tanuru tangu ujana wake, nguvu zikimwishia, atakula nini? Kampuni zilisema kwamba pensheni si jambo la kujadiliana na chama; mahakama zikaamua kwamba ni jambo la kujadiliana.

Rais Truman aliteua wapatanishi watatu, na Murray akakubali kuahirisha mgomo ili wafanye kazi yao. Mwezi wa Septemba walitoa shauri: mishahara isiongezwe, lakini kampuni zitoe senti 6 kwa saa kwa ajili ya pensheni, na senti 4 kwa ajili ya bima. Chama kikakubali, ingawa kilikuwa kimedai nyongeza ya mshahara. Kampuni zikakataa, zikisema sharti mfanyakazi naye achangie kutoka mfukoni mwake.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani anayechangia hujifunza kuweka akiba. Lakini mwenye kiwanda hutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya mashine zinazochakaa, wala haidai mashine ichangie. Je, mwanadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, atahesabiwa chini ya mashine?

Tarehe 1 Oktoba wafanyakazi wapatao 500,000 wakagoma. Angalia, ndugu msomaji, utaratibu wao: dai lilikuwa la haki, njia za amani zilijaribiwa kwanza, na shauri la wapatanishi lilipokewa hata pale lilipowapunguzia. Hapo ndipo mgomo hutofautiana na ghasia.

Tarehe 31 Oktoba kampuni ya Bethlehem Steel ikatia sahihi, na nyingine zikafuata. Mfanyakazi mwenye miaka 65 ya umri na 25 ya kazi angepata angalau dola 100 kwa mwezi, pamoja na malipo ya serikali, bila kuichangia pensheni hiyo ya kampuni. Gharama za bima waligawana nusu kwa nusu. Basi kila upande uliacha kitu.

Bethlehem Steel ilifilisika mwaka 2001. Mwaka uliofuata shirika la serikali linalodhamini pensheni, lililoundwa mwaka 1974, likaubeba mzigo wa kuwalipa wazee wake. Bima yao ya matibabu haikuwa na mdhamini wa namna hiyo, nayo ikakatwa mwaka 2003.