Pipa la Kijani na Ada Mpya ya Taka San Diego: Mwongozo kwa Wenye Nyumba na Wapangaji

Kwa miongo mingi, familia zinazokaa nyumba za kujitegemea mjini San Diego, California, zilizolewa taka bila kutozwa ada ya kila mwezi, kwa nguvu ya amri ya jiji ya mwaka 1919. Wakazi wa maghorofa, wakiwemo ndugu zetu wengi wa mtaa wa City Heights, hawakuionja nafuu hiyo: mwenye jengo aliajiri kampuni binafsi, na gharama ikaingia kimyakimya kwenye kodi ya pango. Novemba 2022 wapiga kura waliibadilisha amri hiyo, na tangu Julai 2025 nyumba zinazohudumiwa na jiji zinalipa.

Ada huja pamoja na bili ya kodi ya mali, si kwa bili ya peke yake kila mwezi. Anayeikuta mara ya kwanza anaweza kudhani kodi ya nyumba imepanda, kumbe ni taka. Mwaka wa kwanza kiwango cha juu kilikuwa dola 43.60 kwa mwezi, kwa mapipa matatu: la kijivu la taka za kawaida, la buluu la vitu vya kurejelezwa, na la kijani la mabaki ya chakula na majani ya uani.

Kinachoamua bei ni ukubwa wa pipa la kijivu. La galoni 95, yaani lita 360 hivi, ndilo ghali. Aliyechagua la galoni 35 alilipa takriban dola 33 mwaka huo wa kwanza. Kwa hiyo kila kinachohamia kwenye pipa la kijani kinakusogeza karibu na pipa dogo. Familia inayopika kila siku hutoa taka nyingi za jikoni: maganda ya ndizi, mabua ya sombe, makapi ya chai, mifupa, ugali uliochacha. Zote hizo ni za kijani. Pima wiki chache kabla ya kuomba pipa dogo, hasa kama mna mtoto wa nepi, kwa sababu nepi hubaki kwenye la kijivu.

Kutenganisha si hiari. Sheria ya jimbo SB 1383, iliyotiwa saini mwaka 2016, inazitaka kaya zitenge taka za kuoza tangu Januari 2022, kwa kuwa chakula kinachooza jalalani bila hewa hutoa gesi ya methani. San Diego taka hizo hupelekwa Miramar na kugeuzwa mboji.

Kosa linaloharibu kazi yote ni mfuko wa plastiki, hata ule ulioandikwa kuwa unaoza. Funga mabaki kwa gazeti au mfuko wa karatasi. Matumbo ya samaki na mifupa viweke kwenye friza hadi usiku wa kuamkia siku ya gari. Harufu na funza hamtaviona. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye pipa la kijani.

Ikiwa umepanga nyumba ya kujitegemea, bili inamwendea mwenye nyumba. Anaweza kutaka kuirudisha kwako, lakini kodi ya mkataba wa muda maalumu haipandishwi katikati isipokuwa mkataba wenyewe unaruhusu. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, sheria ya California inadai taarifa ya maandishi ya siku 30, na siku 90 ongezeko likizidi asilimia 10. Usikubali kuambiwa kwa mdomo tu. Na ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba na kipato ni kidogo, uliza jiji kuhusu msaada wa ada kabla bili haijafika.

Jiji likitaka kupitisha viwango vipya, Pendekezo 218, sheria ya jimbo ya mwaka 1996, linalilazimu kutuma barua siku 45 kabla ya kikao cha hadhara. Barua hiyo huonekana kama tangazo la biashara na wengi huitupa. Ifungue: ndani yake mna kiwango kinachopendekezwa, tarehe ya kikao, na namna ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi.