Kulenga Shabaha Mkoani Mara: Wapi, kwa Ruhusa ya Nani, kwa Usalama Gani?

Watu wa Mara wanaijua shabaha tangu enzi za mababu. Waikoma, Wanata, Waikizu na Wangoreme walikuwa wawindaji hodari wa upinde, na Wakurya walilinda mifugo yao kwa mishale na mikuki. Hata leo vijana wanapita Kikosi cha 822 KJ Rwamkoma cha Jeshi la Kujenga Taifa, wilayani Butiama, wakarudi nyumbani wakiwa wameonja uwanja wa shabaha. Hamu ipo. Ndiyo maana wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama wanauliza: raia wa kawaida akitaka kulenga shabaha kwa burudani, bila kuvunja sheria na bila kumwumiza mtu, aende wapi? Haya hapa maswali yao, na majibu ya mkufunzi wa shabaha.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Nyakato, Musoma. Nimesikia milio ya mazoezi ya askari. Je, raia anaweza kwenda kwenye viwanja vyao akalenga?

Marahaba. Viwanja vya shabaha vya mkoa wetu ni vya vyombo vya ulinzi na usalama, na hakuna anayeingia kwa kulipa kiingilio kama uwanja wa mpira. Ukikuta bendera nyekundu imepandishwa, maana yake risasi za moto zinatumika. Geuka, na uwaambie na wachunga ng'ombe walio karibu.

Milango halali kwa raia ipo miwili. Wa kwanza ni JKT, iliyoanzishwa Julai 10, 1963, ambayo huchukua vijana wa kujitolea na wahitimu wa kidato cha sita kwa mujibu wa sheria. Wa pili ni mafunzo ya jeshi la akiba, yaani mgambo, yanayofanyika hadi ngazi ya kata. Mgambo hufundishwa kwata, ukakamavu, matumizi ya silaha na kulenga shabaha chini ya askari wenye dhamana. Mwone mtendaji wa kata yako, au uliza ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya mafunzo yajayo yatafanyika wapi. Huko utajifunza kwa utaratibu, na silaha itabaki mikononi mwa wenye mamlaka nayo.

Baada ya mafunzo usirudi uwanjani kuokota vyuma. Novemba 2017, wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, walipoteza maisha baada ya bomu la kutupa kwa mkono lililookotwa kulipuka shuleni. Chuma usichokijua usikiguse. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha ita polisi.

Swali: Nina shamba Bunda, na bunduki yangu ina leseni. Tembo wanatusumbua. Kwa nini nisijipangie shabaha shambani kwangu mwenyewe?

Ndugu yangu, leseni inakupa haki ya kumiliki silaha kwa sababu uliyoieleza ulipoomba. Haikupi haki ya kufyatua risasi popote unapotaka. Maombi yako yalipita kwenye vikao vya usalama kuanzia mtaani au kijijini kwako, na watu hao hao ndio watakaoulizwa mlio ukisikika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeliweka jambo hili mikononi mwa Polisi. Kwa hiyo nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, eleza kwamba unataka kufanya mazoezi, na uombe akuelekeze mahali na siku. Jibu lake lipate kwa maandishi. Usipoteze muda kujadiliana kwa simu.

Kisha kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulirekebisha. Risasi ndogo ya bunduki, ile ya .22 ambayo watu huidharau, huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Ya bunduki kubwa ya kuwindia hupita kilomita tatu. Shamba la ekari tano lina urefu wa mita mia moja na kitu tu. Risasi ikikosa shabaha, inaingia kwa jirani kabla hujashusha mtutu.

Wala usimwazime rafiki bunduki ajaribu mkono. Leseni ni ya mtu na silaha yake. Na kama umesikia kwamba wenzetu wa Kenya wana uwanja wa wamiliki wa silaha pale Kirigiti, Kiambu, ni kweli, lakini usithubutu kuvuka Sirari na silaha yako bila vibali vya nchi zote mbili.

Swali: Vijana hapa Musoma hulenga chupa juu ya mawe, wengine hulenga maboya ziwani. Wanasema upande wa ziwa hauna watu.

Hapo pana hatari mbili ambazo mkoa wetu umejaliwa kwa wingi: mawe na maji.

Mawe yetu ni magumu. Risasi ya bunduki, hata ya upepo, ikigonga jabali kama yale yaliyozagaa Musoma, haizami. Huacha doa jeupe kwenye jiwe, ikapasuka au ikapinda, kisha ikaruka kuelekea upande ambao hakuna anayeweza kuubashiri. Anayesimama pembeni, akidhani yuko salama kwa sababu hayuko mbele, ndiye anayepigwa jichoni.

Maji nayo yanadanganya. Risasi ikitua ziwani kwa mwinamo mdogo hudunda juu ya maji, halafu ikaendelea na safari. Na ziwa halina nafasi tupu. Mwalo wa Mwigobero una pilikapilika tangu alfajiri, wavuvi wa dagaa hurudi asubuhi, na mitumbwi midogo haionekani vizuri jua likimulika maji. Kulenga kuelekea ziwani, kwa chombo chochote kile, kusifanyike.

Swali: Mashimo ya machimbo yaliyoachwa, huku kwetu Buhemba na Kiabakari, si yana kuta za udongo? Yanafaa?

Umegusa jambo la msingi: ukuta wa udongo nyuma ya shabaha ndio moyo wa usalama. Lakini machimbo ya wachimbaji wadogo mara nyingi hayajaachwa kama yanavyoonekana. Mtu anaweza kuwa chini ya duara, yaani shimo la wachimbaji, tangu usiku, na mwingine akawa anachekecha mchanga nyuma ya kichuguu. Kuta zenyewe zimejaa kokoto na vipande vya mwamba, na kingo huporomoka. Sishauri.

Ukitaka kuiga uzuri wa shimo, tafuta eneo ambalo mwenyewe anajulikana, kijiji kimeridhia, na unaweza kulizunguka lote kwa miguu ukahakikisha hakuna mtu. Kisha jenga tuta lako la udongo laini, uliochambuliwa mawe.

Swali: Basi tusiokuwa na bunduki, na wala hatuihitaji, tuanzie wapi?

Anzeni na upinde. Kwa kadiri ninavyoona, huu ndio mchezo wa shabaha unaotufaa zaidi Mara. Hauna mlio wa kutisha majirani, gharama yake inabebeka, na uwanja wake unaweza kutengenezwa ndani ya eneo la shule kwa makubaliano na mkuu wa shule na kamati yake, siku ambayo wanafunzi hawapo.

Katika mashindano ya Olimpiki walengaji hulenga kwa mita 70, kwenye shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122, na duara la alama 10 lina sentimita 12.2 tu. Msianzie huko. Anzeni mita 10, mkizoea sogeeni hadi mita 18, ambao ndio umbali wa mashindano ya ndani ya ukumbi.

Uwanja upangwe hivi. Walengaji mstarini waelekee kaskazini au kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiwapige machoni. Fanyeni mazoezi asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huanza kusukuma mishale. Nyuma ya shabaha wekeni tuta la udongo lenye kimo cha kumzidi mtu mzima, na nyuma ya tuta acheni mita 50 zisizo na njia ya mkato, kisima wala malisho. Pembeni acheni angalau mita 10 kila upande. Zungushieni kamba, na mweke mtu kila mahali penye njia.

Shabaha haihitaji kununuliwa mbali. Chukueni viroba, mvishindilie matambara, mifuko ya plastiki na vipande vya nyavu chakavu kutoka mwaloni, kisha mvishone midomo. Kiroba kilichoshindiliwa vizuri kinasimamisha mshale bila kuuvunja. Kisiwe na jiwe, chupa wala bati ndani. Mishale iwe na ncha za mazoezi. Vigumba na sumu ni vya historia. Uwanjani havina nafasi.

Swali: Nani anatoa amri uwanjani?

Mtu mmoja tu, na yeye halengi siku hiyo. Awe na filimbi. Katika mchezo wa upinde duniani, milio miwili inawaita walengaji mstarini, mmoja unaruhusu kuanza, mitatu inaruhusu kwenda kutoa mishale. Milio mitano au zaidi maana yake ni hatari: kila mtu analegeza ugwe na kurudisha mshale podoni. Wanaosubiri zamu wakae mita tano nyuma ya mstari.

Hakuna anayekwenda mbele kabla ya milio mitatu, hata kama mshale wake umeanguka hatua mbili tu kutoka miguuni. Na kutoa mshale kuna namna yake. Kiganja kimoja bandika bapa kwenye shabaha, pembeni ya mshale. Mkono mwingine ushike mshale karibu kabisa na shabaha, uvute ukiwa umenyooka. Kabla ya kuvuta, angalia nyuma yako. Mshale unaochomoka ghafla hutoboa jicho la aliyesimama mgongoni kwako.

Kwa wenye bunduki, sheria ni hizi: kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu uelekee kwenye tuta muda wote, kidole kikae nje ya triga hadi wakati wa kufyatua, na mlengaji ajue kilichopo nyuma ya shabaha. Ongezeni vizuia sauti vya masikio na miwani. Mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, na sikio likiharibika halirudi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa risasi nyingi zina madini ya risasi yenye sumu, hasa kwa watoto.

Swali: Sisi tunaishi karibu na lango la Ndabaka. Tunaweza kufanya mazoezi ya upinde porini?

Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kukutwa na silaha bila kibali ni kosa, na silaha si bunduki peke yake. Watu wengi wamepandishwa kizimbani katika mahakama za Bunda, Serengeti na Musoma kwa panga, kisu au mkuki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inakataza kuwa na bunduki, upinde au mshale ndani ya mapori ya akiba bila ruhusa ya maandishi, na hapo yamo Grumeti na Ikorongo. Askari wa hifadhi hawezi kutofautisha mwanamichezo na jangili kwa kumwangalia usoni. Mchezo ufanyieni mjini au kijijini, mahali panapojulikana, na upinde usafirishwe ukiwa umefungwa na umelegezwa ugwe.

Swali: Mwanangu ana manati, na mjomba wake anataka kumletea bunduki ya upepo.

Mama, kabla mjomba hajainunua, aende polisi aulize masharti yake. Si kitu cha kumpa mtoto kama zawadi ya sikukuu. Ni chombo cha mchezo wa Olimpiki, hutumika kulenga kwa mita 10, na kinaweza kupofusha. Manati nayo ilengewe kwenye makopo yaliyo mbele ya tuta, mtu mzima akiwepo, na kamwe isielekezwe kwa ndege, ng'ombe au madirisha ya majirani.

Swali: Mlemavu wa miguu anaweza kushiriki?

Tena kwa usawa kabisa. Upinde umo katika Paralimpiki tangu michezo ya kwanza iliyofanyika Roma mwaka 1960. Andaeni mstari ulio tambarare ili kiti cha magurudumu kisimame imara.

Swali: Tukitaka kuanzisha klabu?

Andikeni katiba fupi, orodha ya wanachama na ramani ya uwanja, mwende kwa afisa michezo wa halmashauri yenu. Atawaongoza kwenye usajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Nakala wapelekeeni mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi. Katika mkoa ambao mishale ya ugomvi wa koo na wizi wa mifugo bado inakumbukwa, kikundi chenye pinde kinachojificha kitaleta hofu. Kinachojitambulisha mapema kitapata ulinzi.

Ombi langu kwa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ni moja: kila moja itenge eneo lenye tuta, uzio na msimamizi, kama zinavyotenga viwanja vya mpira. Na kwako msomaji, mahali salama pa kulenga hapaokotwi porini. Huombwa, hujengwa na husimamiwa. Kama lolote kati ya hayo matatu halijatimia, usifyatue.