Fimbo Ilitangulia, Nabii Akafuata

Neno la somo: 2 Wafalme 4:18-37

Somo hili nililihubiri ibada ya pili Jumapili iliyopita, na wengi mmeniomba niliandike, hasa pale nilipokiri jambo ambalo baadhi yenu hamkulifurahia. Basi naanzia hapo hapo.

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja wa kanisa hili. Mchungaji mkuu alikuwa safarini, mazishi ni Ijumaa, na mimi nikaambiwa Alhamisi jioni nihubiri, nikiwa bado nahangaika na hesabu za kanisa za robo mwaka. Nikafungua simu, nikaingia kwenye programu ya akili bandia, hii vijana wanaiita tu AI. Nikaandika umri wa mzee, idadi ya watoto, na kwamba alikuwa askari wa lindo la usiku kwa miaka mingi. Chai haijapoa, tayari nina kurasa mbili za Kiswahili safi, na mistari ya Biblia mahali pake. Nikazisoma kaburini. Watu walilia. Nilipongezwa hata.

Wiki mbili baadaye nikapita kwa mjane wake. Akaniuliza kwa upole, "Pasta, mzee alikuambia lini kwamba usiku akiwa lindoni alikuwa akiwaombea watoto mmoja mmoja kwa jina? Mimi hakuwahi kuniambia." Hakuwa ananitega. Alikuwa amelishika neno hilo kama zawadi ya mwisho kutoka kwa mumewe.

Wapendwa, mzee hakuniambia kitu kama hicho. Programu ilijitungia, nami nikaikopesha mdomo wangu.

Hebu nieleze kidogo jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, maana wengine wanaviogopa kama mapepo na wengine wanaviamini kama manabii. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, na nyingine nyingi zimefuata. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake kubwa ni kukisia neno gani lafaa kufuata neno lililotangulia. Ukiiambia "mzee Mkristo, askari wa usiku, amekufa", inakupa yale ambayo kwa kawaida husemwa kuhusu mtu wa namna hiyo. Mara nyingi inapatia, ndiyo maana tunaisahau. Lakini mzee wetu haikumjua.

Sasa tuje kwa Mshunami. Mtoto wake ameumwa kichwa shambani, amefia mapajani pake adhuhuri. Mama amemlaza kwenye kitanda cha nabii, akafunga mlango, akapanda punda hadi mlima Karmeli. Elisha anamwambia Gehazi ashike fimbo yake, akimbie, njiani asimsalimu mtu, afike aiweke fimbo juu ya uso wa mtoto. Tazameni hapo. Kazi ikishakuwa ya haraka, kitu cha kwanza kuachwa ni salamu!

Fimbo ile haikuwa na kosa. Ilikuwa ya nabii wa kweli, ilitumwa kwa nia njema, na ilifika mapema kuliko mwenyewe. Gehazi akaiweka usoni kama alivyoagizwa. Hakuna sauti, hakuna dalili. Mama yeye alikuwa ameshakataa tangu mwanzo. Alimwambia Elisha kwamba hatamwacha, na nabii akalazimika kuinuka kumfuata. Huyu mama aliielewa huduma kuliko mtumishi wa nabii.

Elisha alipofika alifunga mlango, akaomba, kisha akajilaza juu ya mtoto, mdomo kwa mdomo, macho kwa macho, mikono kwa mikono. Mwili ukapata joto. Hata hivyo haikutosha mara moja. Alishuka, akatembea-tembea nyumbani, akarudi tena. Ndipo mtoto akapiga chafya mara saba.

Mimi nilisomea biashara. Chuoni tulifundishwa kwamba kila kazi uiulize kama inaweza kufanywa kwa gharama ndogo na muda mfupi. Swali hilo ni halali kwa kazi nyingi, na siwezi kulidharau. Ratiba ya usafi, barua ya kuomba viti, muhtasari wa kikao cha kamati, hata hesabu za robo mwaka, fimbo na itangulie! Shida ni pale tunapouliza swali hilo hilo kando ya kitanda cha mgonjwa.

Na si sisi peke yetu tunaojaribiwa. Mwaka 2017, huko Wittenberg, Ujerumani, mji wa Martin Luther mwenyewe, waliweka roboti ya kutoa baraka. Inainua mikono, mwanga unawaka viganjani, inatamka maneno. Juni 2023, mjini Fürth, Ujerumani pia, watu zaidi ya 300 waliketi kanisani kwa ibada ambayo sehemu kubwa ilitungwa na ChatGPT, na sura za kutengenezwa zikawahubiria kutoka kwenye skrini. Tunaweza kuwacheka. Mimi siwezi, kwa sababu wale angalau waliwaambia watu mapema.

Hapa kwetu mashine inajulikana zaidi kama mnyang'anyi wa kazi. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai. Kuchoma sikubaliani nako, lakini najua ni nini mama mchuma chai anahisi akiona mashine moja ikifanya kazi ya wenzake wengi. Ile mashine ilitaka mikono. Hii mpya inataka mdomo: kufariji, kushauri, kuomba msamaha, kumwandikia mke ujumbe. Kijana mmoja wa kanisa aliniambia alituma ujumbe wa AI kumwomba babake msamaha. Baba akajibu kwa AI. Tulicheka, halafu tukanyamaza.

Kuna jambo lingine ambalo Jumapili nililipitia haraka. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya hapa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya ubakaji na ukatili, wakiyawekea alama ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Baadhi walisema kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Mwezi Mei mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi, wakapiga kura kuunda chama chao. Kwa hiyo ule upole wa lugha nilioazima Alhamisi jioni, kuna kijana aliulipia. Huenda anaketi viti vya nyuma kanisani kwetu na hajawahi kusema anafanya kazi gani. Nani amewahi kufunga mlango akaketi naye?

Wazee wa kanisa wameshakubali mambo mawili. Ofisi itaendelea kutumia programu hizi kwa kazi za karatasi. Lakini mahubiri ya mazishi hayataandikwa bila anayehubiri kufika kwanza kwa wafiwa, hata kama ni kwa saa moja, na akishindwa kufika atasimama aseme kwamba hakumjua marehemu. Orodha ya kutembelea wagonjwa iko mlangoni. Jumapili ilikuwa na majina manne ya watembeleaji, mawili ni ya mashemasi.

Mmeniuliza pia nilimjibu nini yule mama. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani ananifukuza. Kisha akamimina chai, akasema, "Keti basi nikuambie mzee alikuwaje." Niliketi mpaka giza likaingia. Alisema mzee hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti. Ila kila asubuhi akitoka lindoni, macho mekundu, alichukua wembe akachonga penseli za watoto wote kabla hawajaenda shule, akazipanga mezani, ndipo akaenda kulala. Nimemwomba ruhusa ya kuandika hilo, akanipa.