Faili Lipo, Mwenyewe Hajulikani

Anayetunza seva za Debian hachoki kuuliza faili fulani limeletwa na kifurushi gani. Amri ya kuuliza ni dpkg -S. Kwenye Debian 12 niliiuliza kuhusu /usr/bin/ls, programu inayotumika kutwa kucha, ikanijibu kwamba njia hiyo haipo. Kuichimba kasoro hiyo kumenifunza haya.

1. dpkg -S haiangalii diski. Inasoma orodha zilizomo /var/lib/dpkg/info, ambamo kila kifurushi kimeandikisha mafaili yake, kisha inalinganisha herufi kwa herufi. Kifurushi cha coreutils kiliandikisha /bin/ls. Lakini tangu Debian 10, ya mwaka 2019, mfumo unaposakinishwa upya /bin huwa kiungo tu cha kuelekea /usr/bin. Faili ni moja, anwani mbili. Amri ya which hupitia /usr/bin kwanza, basi inakupa anwani ambayo orodha haina. Ndiyo yale ya kumuulizia mtu mtaani kwa jina la kitambulisho, ilhali majirani wanamjua kwa jina la utani.

2. Dawa ya anwani hizo mbili ni kuweka kinyota mbele: dpkg -S '*/bin/ls'. Jibu linakuja safi. Ukiandika bin/ls bila kinyota, programu yenyewe inaongeza vinyota pande zote mbili, na utamwagiwa lsblk, lscpu na ndugu zao wote.

3. Kuna mafaili yasiyo na mwenyewe kweli. /usr/bin/editor huundwa na update-alternatives baada ya usakinishaji, kwa hiyo hapo usilaumu utafutaji.

4. Watunzaji wa dpkg walipinga muungano huu wa saraka, /bin kuingizwa ndani ya /usr/bin, kufanywa kwa viungo bila programu yao kujua. Wengine wakasema dpkg ndiyo ibadilike. Mimi nawaelewa wa kwanza. Fedora ilipounganisha saraka zake mwaka 2012 ilihamisha mafaili ndani ya vifurushi vyenyewe. Debian ilitanguliza viungo, vifurushi vikafuata miaka baadaye.

5. Katika Debian 13, ya 2025, coreutils imeandikisha /usr/bin/ls. Sasa skripti za kukaguliwa ni zile za zamani, zilizoandikwa kuulizia /bin/ls.